Mkuyu Usioguswa Kisu

Kafr Sabbah, karibu na Banha
Jumamosi, 10 Aprili 1993

Kwa Daktari Nabih Sarhan,
Maabara ya Kemia, Giza

Assalaam alaykum.

Natumaini mama yako alifika salama na wale njiwa niliowafungia hawakumwaga mchuzi garini. Yeye sina neno naye. Neno ninalo na wewe.

Ulikuja kwangu Alhamisi kumposa binti yangu Insaf. Ukakaribishwa, ukala, ukasifu chai. Mpaka hapo ulikuwa mtu wa maana. Kisha nikakuonyesha kisu changu. Sikukuonyesha ili ukitolee maoni. Nilikuonyesha kwa sababu ndicho kilichonilea. Marehemu baba hakuniachia shamba wala punda. Aliniacha na mdomo wa kulisha. Nikaanza kukwea mikuyu ya watu, nachanja tunda moja moja ili liive, maana kuyu la kwetu lisipochanjwa hukaa tawini kama kokoto mpaka likauke. Ujira wangu ulikuwa sahani ya ful, maharagwe ya kuchemsha, na matusi. Leo mikuyu ni yangu, lori ni langu, na sokoni Rod el-Farag hakuna asiyeijua meza ya Ghorab. Yote hayo yametoka kwenye ubapa usiozidi urefu wa kidole.

Wewe ukakitazama, ukafuta miwani, ukasema mbele ya mama yako na mbele ya shangazi zake Insaf: “Ami Haji, hiki hakina maisha marefu. Karibuni tutauambia mti umejeruhiwa bila kuujeruhi.”

Shangazi mmoja alisema mashallah kwa sababu hakuelewa. Mimi nilielewa.

Basi sikiliza. Pale penye pampu ya maji nina mkuyu mmoja mzuri. Mwaka huu hautaguswa na kisu, changu wala cha mtu. Lete hiyo dawa yako, tuupake. Makuyu yakiiva, njoo na mama yako uchukue jibu la ndiyo. Yasipoiva, Insaf usimtaje tena, hata kwenye barua ya salamu.

Usidhani nina kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini sharti langu ni la haki.

Haji Bayoumi Ghorab


Giza, 15 Aprili 1993

Ami Haji Bayoumi, mpendwa na mheshimiwa,

Nimepokea barua yako nikaisoma nimesimama, kwa adabu. Naapa sikukusudia kukitukana kisu. Ningeweza kusema jambo lile vizuri zaidi, au nisingelisema kabisa, kama nilivyoshauriwa na mama tangu tulipofika darajani mpaka mlangoni kwetu.

Sharti nalikubali. Ila niruhusu nikueleze ninachofanya, usije ukadhani nauza hirizi.

Mmea ukijeruhiwa mahali pamoja, mahali pengine hupata habari. Watafiti wa nje wamegundua kwamba kwenye nyanya, mjumbe wa habari hiyo ni uzi mfupi wa shanga kumi na nane. Shanga zenyewe ni asidi amino, vitu vile vile vilivyomo kwenye ful yako na njiwa wako. Zikiungwa kwa mpangilio wake, uzi huo tunauita peptidi. Mmea ukiupata huamini umeumizwa, huanza kutoa homoni, na homoni moja kati ya hizo ni hewa inayoivisha matunda. Kisu chako, Ami, miaka yote hii kimekuwa kikiufanya mkuyu utoe hewa hiyo. Naamini mkuyu nao una uzi wake unaofanana na wa nyanya. Kazi yangu ni kuutunga, shanga moja baada ya nyingine.

Ni kazi ya subira, lakini mkono wangu si mbaya. Kila ninapofunga fundo moja hufanikiwa kwa asilimia tisini, na kwetu hiyo ni sifa.

Mwanao,
Nabih


Kafr Sabbah, 20 Aprili 1993

Daktari,

Nimeelewa habari ya shanga. Hewa nimeielewa nusu. Asilimia tisini nimeielewa yote, na ndiyo iliyoninyima usingizi wa mchana.

Shanga kumi na nane zina mafundo kumi na saba. Fundo la kwanza linakubakishia tisini katika mia. La pili, themanini na moja. La tatu, sabini na tatu kasoro kidogo. Nimeendelea nyuma ya karatasi ya kufungia matunda mpaka fundo la kumi na saba. Umebaki na kumi na sita na theluthi mbili!

Mwanangu, lori langu likiondoka hapa na matenga mia, likafika Cairo na matenga kumi na sita, dereva simwiti mtafiti. Namwita mwizi.

Halafu unasema kwenu hiyo ni sifa. Je, mwenye aibu kwenu hubaki na nini?

Nauliza tena jambo moja: hicho kidogo kitakachobaki kitatosha mti mzima, au nikuchagulie mti mdogo? Nauliza kwa kutaka kujua, si kwa kujali.

Haji Bayoumi Ghorab

Mama yako amempigia simu shangazi wa Insaf kusema umekonda. Dereva atakuletea jibini. Hii haihusiani na sharti.


Giza, 27 Aprili 1993

Ami Haji,

Hesabu yako ni sahihi, na katika maabara yetu wapo wenye shahada ambao ingewachukua asubuhi nzima. Lakini umeipiga juu ya namba isiyo ya kweli, na kosa ni langu. Tisini niliisema kwa unyenyekevu. Kweli yenyewe ni tisini na saba. Ukirudia mafundo yale kumi na saba utaona nabaki na karibu sitini katika mia, na mti ule ule mkubwa utatosha.

Kazi inakwenda vizuri. Nilikwama kidogo kwa asidi moja iitwayo prolini, ambayo imo mara nne katika uzi huu. Mzigo wetu kutoka nje umechelewa bandarini. Nimeazima chupa maabara ya jirani, kama watu wanavyoazimana chumvi.

Jibini ilifika. Ahsante sana. Nimeshanenepa.

Mwanao,
Nabih


Banha, 3 Mei 1993

Nabih,

Samahani kwa wino kupakaa, unaujua mkono wangu wa kushoto unavyojifutia kila unachoandika. Naandika kwenye chumba cha walimu, baina ya kipindi cha kemia na kipindi cha kemia.

Nani alikutuma useme habari ya kisu? Nilikupa maelezo mafupi kuliko yale ya kwenye kopo la maziwa: sifu mikuyu, sifu chai, nyamaza. Viwili ukafanya.

Hiyo “tisini niliisema kwa unyenyekevu” Baba aliisoma kwa sauti, akamwita shangazi aje asikie, akaisoma tena. Akasema, “Niko sokoni tangu sijaota ndevu, sijaona kiumbe anayejipunguzia hesabu kwa unyenyekevu. Huyu wakimpeleka Rod el-Farag watamvua mpaka viatu.” Kisha akasema, “Tisini na saba, lakini!” Sijui alimaanisha nini.

Mkuyu wa pampu ameuzungushia miiba na kumfunga bata bukini chini yake. Mtu yeyote akisogea, bukini anapiga kelele kijiji kizima kinatoka. Hata mimi Baba haniruhusu, na mimi ndiye niliyefundishwa kuchanja kwenye mti ule ule nikiwa mdogo. Baba alikuwa akinihamishia kisu mkono wa kulia. Akigeuka tu, nakirudisha. Baadaye akasema msichana mkubwa hapandi miti, akanipeleka shule. Ndiyo maana mimi na wewe tulikutana kwenye kozi ya walimu, kwa hiyo simlaumu.

Nabih, sema kweli. Itafanya kazi?

Insaf


Giza, 29 Mei 1993

Ami Haji,

Namkabidhi dereva wako kichupa. Usishtuke ukiona unga ni mdogo kuliko ncha ya kijiko. Uko wa kutosha. Uyeyushe katika maji yaliyochemshwa yakapoa, upake kila kuyu kwa brashi laini. Usiyapake yanapopigwa na jua kali.

Nimekula na nimelala. Nakuandikia hivyo kwa sababu najua shangazi atauliza.

Mwanao,
Nabih


Kafr Sabbah
Jumatano, 9 Juni 1993

Daktari,

Nilipaka Ijumaa iliyopita, asubuhi, kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi: imamu, kinyozi, na Uweis. Uweis ni mtu mwenye meza inayotazamana na yangu sokoni, na kazi yake ya pili ni kunitakia mabaya. Nilimwita yeye makusudi, ili nisiambiwe baadaye nilipendelea upande.

Dawa yako haina rangi wala harufu. Uweis aliinusa akaniuliza, “Haji, una hakika hukuletewa maji ya kisima chako mwenyewe?” Kinyozi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Mpaka leo makuyu yako vile vile, kama vifungo vya koti. Kisu changu kingekuwa kimeshamaliza kazi, kimeoshwa na kimelala. Uweis ametangaza soko zima kwamba binti wa Ghorab ameposwa na mpaka-maji.

Siku ya mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo, mashahidi watakapokuja kuangalia. Insaf hali chakula. Anasema ni joto.

Sasa nakuuliza kitu, na unijibu kitaalamu. Ile brashi niliiosha kwa sabuni kabla ya kupaka. Sabuni ya kufulia, kali. Je, yawezekana sabuni ndiyo iliyoharibu dawa? Kwa sababu kama ni sabuni, kosa ni langu, na mimi si mtu wa kumhukumu mwingine kwa kosa langu. Tungelazimika kuahirisha mpaka zao lijalo, au hata mwakani. Ningeudhika, lakini ningevumilia.

Nauliza tu.

Haji Bayoumi Ghorab


Giza, 11 Juni 1993

Ami Haji,

Dereva ananisubiri mlangoni, kwa hiyo naandika kwa ufupi. Usijilaumu hata kidogo. Sabuni haiidhuru. Ungeiosha brashi kwa sabuni yoyote iliyopo Misri, isingeleta tofauti. Makuyu yasipoiva, kosa ni langu peke yangu.

Mwanao,
Nabih


Kafr Sabbah
Ijumaa, 11 Juni, wanaume wakiwa msikitini

Nabih,

Usiwe na wasiwasi. Usiniulize kwa nini nasema usiwe na wasiwasi.

Bukini amekula mkate wangu wote na sasa ni rafiki yangu.

Insaf


Kafr Sabbah
Alhamisi, 17 Juni 1993

Daktari Nabih,

Makuyu yameiva.

Sitasema mengi. Yameiva ya juu na yameiva ya chini. Imamu amesema Subhanallah. Kinyozi amekula mpaka akaomba maji. Uweis amezunguka mti, ameugonga, amerudi, amekaa kimya, na Uweis kukaa kimya ni jambo ambalo Rod el-Farag haijapata kulishuhudia. Nilitaka watu wachume wenyewe lakini nikaona ni heshima zaidi nikiwakatia na kuwamenyea mimi, kila mmoja lake, kwenye sahani.

Mimi ni mtu wa neno langu. Njoo na mama yako Alhamisi ya tarehe mosi Julai. Nitawapokea nimekaa; nilijikwaa kwenye vidato vya msikiti na kifundo cha mguu kimevimba kama kuyu lenyewe.

Nakuletea tenga moja. Insaf alishikilia lazima uonje. Kula tu, usiyachunguze chunguze. Kuyu halikuumbwa kwa ajili ya darubini.

Haji Bayoumi Ghorab


Giza, 19 Juni 1993

Insaf,

Barua hii usimwonyeshe mtu.

Jumatano ilirudi kutoka kwa fundi mashine yetu ya kupimia mwanga. Nikaitia ile prolini ya jirani, kwa mazoea tu. Mwanga ukageuka upande usiotakiwa. Nikadhani fundi ameiharibu mashine, nikapima sukari. Sukari ikawa sawasawa. Nikaenda kumwuliza jirani. Akaniambia, kwa furaha kabisa, “Ndiyo, hizo zetu zote ni za upande wa pili wa kioo, si ndizo tunazochunguza? Nilidhani unajua.”

Wewe unafundisha haya, huhitaji nikueleze: uzito ule ule, weupe ule ule, huyeyuka kwa joto lile lile, ila moja ni ya mkono wa kulia na nyingine ya mkono wa kushoto, na mmea unavaa glavu ya upande mmoja tu. Uzi wangu umepinda mahali pane. Hauwezi kuivisha hata nyanya. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikajiona nimekupoteza kwa kuazima chumvi.

Kesho yake likafika tenga, na barua ya baba yako kwamba makuyu yameiva.

Insaf, yote yana chale. Najua hukutaka nizione, au labda ulitaka, maana wewe ndiye uliyeshikilia niletewe. Na tazama: yapo yenye chale inayopinda upande huu, na yapo yenye chale inayopinda upande ule. Moja lina zote mbili, zinatazamana kama mabano. Kazi yangu ni kutofautisha kulia na kushoto, na safari hii sikuhitaji mashine.

Za kushoto najua ni za nani. Za kulia ni za nani?

Nabih


Banha, 21 Juni 1993

Nabih,

Za kushoto ni zangu, na sijutii hata moja. Nilianzia juu, ambako majani yananificha, na nilikusudia kushuka nikichanja mpaka chini, ila nikasikia watu wanatoka msikitini nikaruka. Ndiyo, nilitaka uzione. Sikutaka unioe kwa ushindi wa uongo bila wewe mwenyewe kujua. Wengine wote wadanganyike, lakini si wewe.

Za kulia si zangu. Nimesoma barua yako chooni, nikacheka mpaka shangazi akabisha mlango. Katika nyumba yetu wanaojua kuchanja ni wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili anatembea na fimbo na kumwambia kila mgeni kwamba alijikwaa kwenye vidato vya msikiti. Msikiti wetu una kidato kimoja, na hicho nacho kimeliwa nusu.

Unaelewa alichofanya? Mtu wa umri ule! Na mimi nilikuwa nimemkasirikia, sisemi naye, nadhani anaomba ushindwe.

Sasa sikiliza maelezo mafupi kuliko ya kopo la maziwa: nyamaza. Nyamaza mpaka tutie saini ya ndoa. Tukishatia saini, mwambie ukitaka, mwambie hata kwa kipaza sauti. Safari hii, Nabih, kwa hisani yako, fanya vyote.

Insaf


Giza, 24 Juni 1993

Ami Haji Bayoumi,

Nimeshauriwa ninyamaze na mtu ninayemheshimu kuliko wote, na nimejaribu kwa siku nzima.

Dawa niliyokuletea ilikuwa na kosa. Asidi niliyoiazima ilikuwa ya upande usio wake, kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia, na nimepima nikahakikisha: haina nguvu ya kuivisha kitu chochote. Kwa hiyo makuyu yaliyoiva kwenye mkuyu wa pampu yameiva kwa sababu nyingine. Sababu hiyo anaijua Mungu, nami siichunguzi. Nilikula matunda kama ulivyoagiza, nayo yalikuwa matamu sana.

Lakini sharti lilikuwa baina yetu wawili, na mimi sikulitimiza. Siwezi kuja na mama kuchukua jibu nisilolistahili. Nitatengeneza uzi upya, kwa asidi iliyo sahihi, na nitakuomba unipe mti mwingine msimu mwingine. Ukikataa, nitaelewa. Jina ulilonikataza silitaji hapa, lakini silisahau.

Nisamehe kwa usumbufu, na pole kwa mguu.

Nabih Sarhan


Kafr Sabbah
Jumatatu, 28 Juni 1993

Daktari,

Nani alikuuliza?

Nimeisoma barua yako nimekaa, maana kusimama siwezi, na kama ningekuwa na miguu miwili ningekuja Giza nikakurudishia mkononi. Mtu ameshashinda. Mashahidi wameshakula. Imamu ameshasema Subhanallah, na hilo si neno la kumwomba mtu alirudishe. Halafu mshindi mwenyewe anachukua kalamu, ananunua stempu, anaandika kwamba hakushinda! “Sababu anaijua Mungu.” Mungu anaijua, na wewe unaijua, na unajua kwamba mimi naijua. Usinifunike shuka fupi.

Haya. Nilipanda.

Ilikuwa Jumapili ile, watu wamelala mchana, nimetoka kusoma karatasi yako kwamba sabuni haiidhuru. Daktari, sabuni ilikuwa mlango. Niliufungua mimi mwenyewe, nikausimamia, nikakuita upite. Ungejibu tu, “Ni kweli, Ami, sabuni imeharibu,” tungeahirisha kwa heshima, kila mtu na uso wake. Wewe ukaufunga ukatia na komeo, ukaongeza na sabuni zote za Misri. Nifanye nini sasa? Binti hali, hasemi nami, Uweis anacheka. Nikachukua kisu.

Nilichanja yote niliyoweza kuyafikia mpaka panda ya tatu. Miwani niliiacha chini, na kazi hii vidole vyangu vinaijua. Kisha nikainua mkono, nikashika la juu. Limevimba. Nikashika jingine. Laini, limejaa, linakaribia kuiva. Ya juu yote yalikuwa hivyo, na mimi sikuwa nimefika huko. Nikajiambia: Ghorab, umekwisha. Dawa ya huyu kijana inafanya kazi kweli. Kisu kimekufa leo, na wewe uko juu ya mti unamsaidia aliyekiua. Basi mguu ukateleza tawini, nikashuka upesi kuliko nilivyopanda. Hapo ndipo kifundo kilipokwenda. Hakuna kidato.

Tangu siku ile nilikuwa nikitazama mikuyu yangu kama mtu anayetazama watoto yatima. Nikaandika barua ya kukusifu huku moyo unaniuma. Hukuona nilivyobana maneno?

Halafu unaniandikia kuwa unga wako haukuivisha hata moja. Nilifurahi, siwezi kuficha, nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa punda wake. Furaha ilipopungua nikakumbuka ya juu. Nikamwita Insaf nikamwuliza, “Ya juu nani kayachanja?” Aliinua mkono. Ule ule niliokuwa nikimkataza.

Nimeyatazama tena kwa miwani yaliyobaki. Chale zake ni safi kuliko zangu. Hilo lisitoke nje ya barua hii.

Sasa tuje kwenye hukumu. Sharti lilisema kisu kisiguse. Kisu kimegusa, tena visu viwili. Kwa sharti hilo umeshindwa na jina hulitaji. Lakini mimi nimezeekea sokoni na sheria ya pale naijua: muuzaji akikamatwa ameweka kidole kwenye mizani, mnunuzi anachukua mzigo wake na hakuna mjadala. Mimi niliweka kidole. Binti yangu aliweka mkono mzima. Ambaye hakugusa mizani ni wewe peke yako, na ulipoona imekuelemea ukapiga kelele kwamba haiko sawa. Katika umri wangu wote sijaona mnunuzi akifanya hivyo. Mtu wa namna hiyo hafai biashara hata kidogo. Ukipewa meza asubuhi, adhuhuri umeshafilisika. Ila mfanyabiashara katika familia hii yupo tayari. Hatuhitaji wa pili.

Insaf amesoma hapo juu akichungulia begani kwangu. Anasema yeye si mzigo. Nimemwambia huo ni mfano. Anasema nitafute mfano mwingine. Sina mwingine.

Kwa hiyo njoo Alhamisi kama nilivyosema, na mama yako, na usije na barua nyingine. Huo uzi wako utunge upya kwa asidi ya mkono unaotakiwa, sikukatazi, lakini uutunge ukiwa mkwe. Hesabu yake haihitaji karatasi. Dawa ikifanikiwa kwa mtu baki, nimekwisha. Ikifanikiwa kwa mkwe wangu, Uweis amekwisha.

Nikueleze na la jana. Alikuja hapa, Uweis, kunijulia hali ya mguu, eti, na kreti ya soda begani. Alipokaa vizuri akanong'ona: anataka dawa ya mikuyu yake yote, nitaje chochote. Nikamjibu kwa sauti, kinyozi yupo, imamu yupo, watu wamejaa barazani, kwamba daktari wetu haiuzi.

Nimesema “wetu,” Nabih. Mbele za watu. Usichelewe.

Ami yako,
Bayoumi Ghorab